Pedali ya Besi na Chumvi ya Mombasa: Namna ya Kuitunza na Kuitengeneza Mwenyewe

Pedali nyingi za dramu ya besi ninazoletewa hapa Kisauni huja na ugonjwa mmoja, chumvi. Mwenyewe huniambia "inalia" au "imekuwa nzito", nami nikiishika tu naona unga mweupe kwenye nati na kutu kwenye jicho la springi. Haishangazi. Kanisani tunapiga madirisha yakiwa wazi, hotelini Nyali na Bamburi jukwaa huwekwa hatua chache kutoka mchangani, na harusi nyingi siku hizi hufanywa bustanini chini ya minazi. Ukifika msimu wa upepo wa Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, chuma hulala kikavu kikaamka kimelowa.

Kosa linalofuata hulifanya mpigaji mwenyewe. Pedali ikilia, anamimina mafuta juu ya uchafu. Mafuta yakikutana na mchanga na chumvi huwa tope linalosaga chuma kama msasa, na kwa kuwa kelele hunyamaza kwa siku mbili tatu, anadhani imepona. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio: safisha, kausha, halafu ndipo utie mafuta, tena kidogo. Ukigeuza mpangilio huo, kazi yote ni bure.

Ijue pedali yako

Pedali ambayo William F. Ludwig aliitengeneza Chicago mwaka 1909 ndiyo iliyofungua njia ya hizi tunazokanyaga leo. Sehemu zake si nyingi. Kuna kibao cha kukanyagia, chenye bawaba karibu na kisigino. Kuna kiungo kinachovutwa na kibao, ambacho huwa cheni, mkanda au kipande cha chuma kigumu. Kiungo huzungusha ekseli iliyolala juu ya beringi mbili, kwenye nguzo mbili zilizosimama. Ekseli imebeba nyundo, kijiti chenye kichwa cha sufu kinachopiga ngozi ya dramu. Pembeni kuna springi ya kuirudisha nyundo nyuma, na mbele kuna kibano kinachoshika pete ya dramu.

Ukikutana na pedali isiyoonyesha springi nje, usidhani imeibwa. Ludwig Speed King, iliyotoka mwaka 1937, springi zake zimefichwa ndani ya nguzo zenyewe na hubanwa badala ya kuvutwa. Usafi ni uleule, lakini maelezo yangu ya springi hapa chini hayaihusu.

Vifaa

Ufunguo wa dramu, spana za Allen (zile za umbo la L), bisibisi ya nyota na ya bapa, plaizi ya mdomo mrefu, mswaki mkuukuu, matambara ya pamba, mafuta ya taa nusu kikombe, siki, stilwuli laini, kichupa cha mafuta ya cherehani na grisi kidogo. Ongeza kipande cha tyubu ya baiskeli na rangi ya kucha isiyo na rangi. Matumizi yake yanakuja. Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Yakikaa hugeuka gundi, na nimetumia nusu siku nzima kuyakwangua kwenye cheni ya mtu. Dawa ya kupuliza ya kulegeza nati ni nzuri kwa kazi hiyo ya kulegeza na kufukuza unyevu, ila hukauka haraka, kwa hiyo usiitegemee kama mafuta ya kudumu.

Kufungua

Tandika shuka nyeupe mezani. Washa ndogo, kile kipete cha chini ya nati, ikianguka juu ya shuka nyeupe utaiona. Ikianguka sakafuni, hesabu umeipoteza. Piga picha ya pedali kwa simu kutoka kila upande kabla ya kugusa skrubu yoyote, hasa upande wa springi, na uweke alama ya kalamu mahali nyundo ilipobanwa na mahali cheni ilipofungwa.

Anza kwa kulegeza springi kabisa, mpaka uweze kuichomoa kwa vidole. Ukianza na ekseli au cheni springi ikiwa imekaza, kitu kitaruka, na mara nyingi huruka usoni. Kisha toa nyundo, fungua kiungo, toa kibao. Ekseli na beringi ziache mahali pake mpaka ujue zina shida.

Kusafisha

Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa baiskeli kule Majengo, siku nilipompelekea cheni ya pedali nikidhani imekwisha.

"Shikamoo mzee. Hii cheni imekufa, nataka nyingine."

"Marahaba, mwanangu. Hebu lete." Akaikunja kati ya vidole viwili, akaisikiliza. "Haijafa hii. Imekunywa mchanga. Nenda kailaze kwenye mafuta ya taa, kesho uniletee."

Kesho yake ilikuwa inaanguka mkononi kama mkufu. Cheni za pedali ni jamaa ya cheni za baiskeli, na hutibiwa vilevile. Ilaze kwenye mafuta ya taa usiku mmoja, isugue kwa mswaki, ipanguse, itundike ikauke kabisa. Halafu tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, ikunje huku na huku ili mafuta yaingie ndani, kisha uipanguse tena kwa nje kwa tambara kavu. Watu wengi hawapangusi mara hii ya mwisho. Mafuta yanayobaki nje hayafanyi kazi yoyote zaidi ya kukamata vumbi.

Sehemu nyingine za chuma zisugue kwa mswaki uliochovywa mafuta ya taa, mbali na moto wa jiko, mahali penye hewa. Usiyapeleke mafuta ya taa kwenye sufu ya nyundo, kwenye mpira, kwenye mkanda wa ngozi wala ndani ya beringi. Unga mweupe wa chumvi hautoki kwa mafuta. Huo unataka maji baridi yasiyo ya chumvi. Lowesha tambara, likamue, futa, kausha papo hapo.

Kwa kutu nyepesi stilwuli inatosha. Skrubu na nati zilizoshikwa sana zilaze kwenye siki usiku mmoja, zisugue, zisuuze kwa maji, zikaushe juani na uzipake mafuta siku hiyohiyo, maana chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu upya haraka sana. Usilaze kwenye siki kitu cha aluminiamu.

Kabla ya kurudisha skrubu yoyote ya chuma kwenye mwili wa aluminiamu, paka grisi kidogo kwenye thredi zake. Metali mbili tofauti zikikutana na maji ya chumvi huanza kulana, na skrubu iliyokaa hivyo mwaka mzima hukatikia ndani. Grisi hiyo ndogo imeniokolea pedali zaidi kuliko kitu kingine chochote ninachokifanya.

Kuisaka kelele

Usitie mafuta kila mahali kwa mpigo. Rudisha pedali, ikanyage polepole kwa mkono sikio likiwa karibu, na utafute kelele ilipo. Tia tone moja sehemu moja, kanyaga mara kumi, sikiliza. Ikinyamaza umempata. Isiponyamaza, futa, nenda sehemu inayofuata.

Mimi huanza kwenye jicho la springi, pale inapoingia kwenye ndoano, kwa sababu hapo ndipo penye msuguano mwingi na hapo ndipo kutu huanzia. Halafu pini ya bawaba kwenye kisigino. Halafu cheni. Halafu ekseli. Mwisho kibano: mara nyingi mlio unaodhaniwa ni wa beringi hutoka kwenye chuma cha kibano kinachokwaruza pete ya mbao. Hapo mafuta hayasaidii. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, upana wa vidole vitatu, kiweke katikati ya kibano na pete. Mlio huisha, pete haitafunwi tena, na pedali haitambai.

Kwenye jicho la springi pedali nyingi huja na bushi ndogo ya plastiki au ya sufu. Ikipotea, chuna ganda la waya wa umeme, kata urefu wa nusu sentimita, lipasue na ulivike kwenye ndoano pamoja na grisi. Langu limekaa miaka miwili.

Beringi

Toa springi na kiungo, shika nyundo, ivute nyuma na uiachie. Inapaswa kubembea kwa muda mrefu, ikipungua polepole kama bembea ya mtoto. Ikisimama ghafla, au ukihisi changarawe mkononi unapoizungusha ekseli, beringi zimeingiwa na mchanga. Ukiitikisa ekseli kushoto na kulia ikacheza, zimelika.

Beringi hizi mara nyingi zimefungwa, hazitiwi mafuta kwa nje, mafuta hayaingii. Dawa yake ni kubadilisha, na habari njema ni kwamba ni beringi za kawaida kabisa. Soma namba iliyochongwa ubavuni. Ikiwa ni 608, kwa mfano, tundu la ndani ni milimita 8, upana wa nje 22, unene 7, na ni ileile ya viatu vya magurudumu. Nenda nayo kwenye duka la beringi au spea za pikipiki, uiweke kaunta, uombe namba hiyo. Ukipewa kuchagua kati ya yenye ZZ na yenye 2RS, chukua 2RS. ZZ ina kifuniko cha chuma, 2RS ina kifuniko cha mpira, na kwa mji wa pwani kama huu wetu mpira huzuia unyevu vizuri zaidi. Inazunguka kwa uzito zaidi kidogo tu, tofauti ambayo mguu hauihisi.

Kuirudisha: beringi ikiingia ndani ya nguzo, sukuma pete yake ya nje tu, ukitumia soketi yenye upana sawa na pete hiyo. Ikivikwa kwenye ekseli, sukuma pete ya ndani. Ukigonga pete isiyohusika, nguvu hupitia kwenye gololi na umeiharibu beringi mpya kabla haijafanya kazi. Nyundo ya chuma weka kando, tumia ya mpira au kipande cha mbao.

Kijana mmoja wa bendi ya kanisa Mtopanga alinijia akilalamika, "Anko, springi nimeikaza mpaka mwisho na pedali bado inarudi pole." Beringi zake zilikuwa zimekaukiana kwa kutu. Alikuwa akipambana na kutu kwa kuongeza springi, na goti lake ndilo lililolipa. Tulibadilisha beringi mbili, tukailegeza springi nusu, na pedali ikarudi yenyewe.

Springi

Springi yangu ilikatika Bamburi, bibi harusi akiwa ndio kwanza anaingia. Uzito wa kibao ukaivuta nyundo mbele, ikalala juu ya ngozi na ikakataa kurudi. Nilimaliza wimbo nikipiga besi kwa mkono kwenye tomu ya chini, ile dramu kubwa inayosimama sakafuni, jasho likinitoka. Kosa lilikuwa langu: kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeona mstari wa kutu kwenye shingo ya ndoano na sikuifanyia kitu. Springi hukatikia hapo karibu kila mara, pale waya unapokunjwa kuwa ndoano, na kutu huharakisha.

Kwa hiyo pangusa shingo hiyo na uichunguze kwa mwanga. Ukiona ufa au shimo la kutu, badilisha kabla ya shughuli yako inayofuata. Weka springi ya akiba kwenye mfuko wa vijiti daima.

Ikikatika na huna ya akiba, kuna njia ya dharura. Shika mzunguko wa mwisho wa springi kwa plaizi ya mdomo mrefu, uvute nje, kisha uukunje nyuzi 90 hadi usimame katikati ya springi kama ndoano mpya. Usiuchome moto ili ulainike. Chuma cha springi kikipashwa hivyo hupoteza nguvu. Springi sasa ni fupi na ngumu kidogo, kwa hiyo legeza nati yake kufidia. Itakuvusha usiku huo. Usiitegemee mwezi mzima.

Kwa springi ya kudumu, kama ya kampuni haipatikani, peleka yako kwa wauza spea za bodaboda ukalinganishe na springi za kurudisha breki ya nyuma. Linganisha mambo matatu: urefu ikiwa imelala, unene wa waya na upana wa mzunguko. Unene wa waya ndio muhimu kuliko yote, kwani ukizidi kidogo tu springi hukakamaa sana.

Kuhusu ukazaji, anza ikiwa imelegea, ongeza nusu mzunguko kila mara mpaka nyundo irudi kabla mguu haujahitaji pigo jingine, kisha simama hapo na ukaze nati ya kufungia. Kwa bango, muziki ambao Joseph Ngala wa Freretown alitambulika nao, mimi hulegeza zaidi kuliko ninavyofanya kanisani, maana besi yake inataka kuguswa, haitaki kutwangwa.

Mkanda

Wenye pedali ya mkanda waangalie tundu la skrubu, ndipo unapochanikia. Mkanda wa usalama wa gari bovu hutengeneza mbadala mzuri sana. Upime kwa ule wa zamani bila kuongeza urefu, ukate, uchome kingo kwa kiberiti zisifumuke, na utoboe tundu kwa msumari uliopashwa moto ili nyuzi ziyeyukiane kuzunguka tundu. Weka washa pande zote mbili. Ukiutaka wa ngozi, fundi viatu ataukata kwa dakika chache.

Nyundo

Sufu ikipigwa muda mrefu hukakamaa upande mmoja na sauti huwa kavu. Igeuze, tumia upande mwingine. Iliyofumuka ipunguze kwa mkasi. Iliyolegea kwenye kijiti chake itie gundi ya epoksi na uiache siku nzima.

Kijiti kikiteleza ndani ya tundu lake, skrubu imekichimba mfereji. Chukua tupa, lainisha sehemu ndogo iwe bapa pale skrubu inapogusa, ikaze upya. Skrubu zinazojilegeza wakati wa kupiga zipake tone la rangi ya kucha kwenye thredi, subiri ikauke. Hushika imara, na bado utaweza kuifungua ukitaka.

Mwili ukivunjika

Hapa nasema kwa uchungu. Miaka iliyopita nilipeleka nguzo ya pedali iliyopasuka kwa mchomeleaji, nikijua anachoma mageti vizuri. Ilimchukua sekunde chache kuigeuza kidimbwi. Pedali nyingi za bei nafuu mwili wake si chuma cha geti. Ni aloi ya zinki au aluminiamu iliyomiminwa kwenye kalibu, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 tu. Jaribu sumaku kwanza. Isiponata, usiruhusu mtu akaribie na mashine ya kawaida ya kuchomelea.

Njia iliyonifaa ni bandeji ya chuma: vipande viwili vya bati la chuma la milimita 3, kimoja kila ubavu wa nguzo vikivuka ufa, vilivyotobolewa pamoja na nguzo na kubanwa kwa bolti mbili kila upande wa ufa. Fundi wa jua kali mwenye drili hufanya hivyo ukisubiri. Ikiwa thredi za tundu zimelika, atachonga thredi kubwa zaidi na kukupa bolti ya kulingana. Lakini ufa ukipita kwenye kiti cha beringi, pedali hiyo ivunje uchukue springi, cheni na nyundo kwa akiba. Ekseli haitakaa sawa tena.

Kurudisha na kupima

Nyundo inapaswa kugonga katikati ya ngozi au karibu sana. Dramu ya inchi 22 ina upana wa sentimita 56, kwa hiyo katikati yake ni sentimita 28 kutoka ukingoni. Ya inchi 20 ni sentimita 25. Pedali ikiwa imepumzika, nyundo irudi nyuma kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Hakikisha ncha ya chini ya kijiti haichomozi sana ikagusa mguu wako. Bandika kiraka pale inapogonga. Kipande cha ngozi ya dramu iliyochanika kinatosha.

Pedali ya nyundo mbili ina fimbo yenye viungo vya kujikunja katikati. Zile skrubu ndogo za Allen zikaze kila wiki, na kila kiungo kipate tone moja.

Ukitoka kupiga ufukweni, usiifungie pedali kwenye mfuko ikiwa na unyevu wake. Ipanguse hapohapo kwa tambara lililoloweshwa maji baridi na kukamuliwa, kisha kwa tambara kavu, halafu kwa tambara lenye harufu tu ya mafuta ya cherehani, ukianzia shingo ya springi. Dakika tano zinatosha, wakati wenzako wanakunja nyaya. Ndani ya mfuko tupia vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukifika nyumbani ifungue mfuko, ilaze pedali ndani ya chumba mbali na dirisha la upande wa bahari, na uilegeze springi mpaka Jumapili.